Nukta Nyeupe ya Fundi Sikio

Nianze na lile linaloniudhi, maana nikilinyamazia nitapasuka. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeishi na mwanamume anayesikiliza injini kuliko anavyonisikiliza mimi. Ni fundi wa injini za boti. Huchukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, kisha akatamka kwamba beringi ya chini imekwisha. Injini ikifunguliwa, beringi ya chini imekwisha kweli. Ndiyo maana watu wakamwita Fundi Sikio, na jina hilo limemvimbisha kichwa mpaka kofia hazimtoshi. Nyumbani sasa, hasikii haambiliki.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea na banda lake vimetenganishwa na ukuta wa mbao, tena mbao zenyewe zimeachana, kwa hiyo akijikuna kule nasikia huku. Ugomvi wake na injini naujua wote. Matusi anayozitukana nayajua kwa mpangilio wake, kuanzia yale ya asubuhi mpaka yale ya saa kumi jioni akishachoka.

Kuna jambo moja lazima nilieleze kabla sijafika kwenye injini yenyewe. Nilipokuwa na mimba ya binti yetu, kichwa kilikuwa kinanizunguka kila asubuhi, tundu moja la sindano nikiyaona mawili. Basi mume wangu akawa anapitia chumbani kwangu kabla ya kufungua banda, mikono ameiosha, analamba ncha ya uzi na kuutunga mara moja tu, halafu anasema, "Haya, safari njema," anakwenda zake. Mimba ikaisha, mtoto akakua, akaolewa, na yeye bado kila asubuhi anakuja kunitungia uzi. Sikuwa na haja nao. Nilikuwa na haja naye.

Miaka miwili iliyopita akaacha. Siku ya kwanza nilidhani amesahau. Siku ya tatu nikamuuliza, akasema mikono yake ina grisi. Saa moja asubuhi, mtu hajagusa hata spana, grisi ya wapi? Nilimeza. Nikajiambia, haya mama, umeshachokwa, tunga uzi wako mwenyewe ushone. Na nimekuwa nikiutunga hivyo kila asubuhi, wala yeye hana habari.

Sasa injini. Ilikuja Jumatatu, mali ya Nahodha, rafiki yake wa siku nyingi ambaye huvusha watu mto. Pale kwenye kituo chake hakuna boti nyingine, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu iliyofuata. Walimu wanalala upande huu, watoto wako upande ule, kwa hiyo Nahodha asipokuwa na injini, shule haifunguliwi. Aliitaka Jumamosi. Injini yenyewe ni kongwe, ya silinda mbili, imepakwa rangi mara nyingi hata ile ya kwanza haijulikani ilikuwa ipi. Ilikuwa inakohoa na kuishiwa nguvu katikati ya mto. Sikio aliibanulia kifuniko, akasikiliza, akatangaza kwamba platini, vile vibati viwili vya kutengenezea cheche, zimeungua. Zilikuwa zimeungua kweli. Akaweka mpya.

Ukishabadilisha platini lazima upange taimingi, na hapa ndipo wiki yangu ilipoharibikia. Mtu asiyejua injini nitamweleza kwa cherehani. Sindano ikishuka na uzi, ndoana ya chini inatakiwa ifike wakati uleule iudake. Ikiwahi au ikichelewa kidogo tu, hakuna mshono. Injini nayo ni hivyohivyo. Pistoni inapanda, na cheche inatakiwa iruke pistoni ikiwa inakaribia kufika juu. Cheche huruka pale platini zinapoachana. Zinakaa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu linalozungushiwa kamba ya kuwashia. Ukingoni mwa flaiwili kiwandani walichora mstari mmoja mwembamba, na pembeni yake, kwenye mwili wa injini, kuna mshale. Mstari ukifika kwenye mshale, sekunde hiyohiyo platini zianze kuachana. Basi, hiyo ndiyo taimingi yote, na watu wanajivunia kama vile wamevumbua dawa.

Sikio hapimi kwa taa wala mashine. Anapenyeza karatasi ya sigara kwenye tundu la flaiwili, anaibana katikati ya platini, anazungusha flaiwili taratibu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unavuta karatasi kwa upole. Karatasi ikichomoka, platini zimeachana, anaangalia mstari umefika wapi. Na kwa kuwa mstari huo hupotea kwenye kutu na mafuta, kila injini anayoishika anaupaka nukta nyeupe kwa njiti ya kiberiti. Rangi anayopakia ni rangi ya kucha ya binti yetu, aliyoiiba kwenye droo yake na hajairudisha mpaka leo. Boti zote za mto huu zina nukta ya Sikio. Watu wanaonyeshana.

Jumanne akapaka nukta upya, maana ile ya zamani ilishafutika, akapanga, akaifunga injini kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Injini ikampiga teke. Ndivyo wanavyosema wenyewe: badala ya kuwaka, inazunguka kinyume na kuinyakua kamba mkononi. Akavuta tena, ikampiga tena. Mara ya nne kiganja kilishavimba, akaja mlangoni kwangu kimyakimya kuninyooshea mkono. Nikamfunga na kipande cha bitana, akarudi kwenda kubadilisha plagi.

Jumatano alibadilisha kondensa. Teke. Alhamisi alibadilisha koili, akafumua kabureta yote, akamwaga petroli akisema Nahodha ameuziwa iliyotiwa maji. Teke. Kila mara alirudi kupanga taimingi upya, na kila mara ilikaa sawasawa kwenye nukta, sawasawa kabisa, mpaka alikuwa anaapa. Na akikosa wa kumlaumu alimlaumu mtu mmoja asiyemjua. Alikuwa amepapasa chini ya ukingo wa flaiwili akakuta makovu mawili ya tindo. Flaiwili huvutwa na pula, kifaa chake maalumu chenye bolti tatu, lakini kuna mafundi wavivu huibandua kwa tindo na nyundo. Huyo mtu alitukanwa wiki nzima. Mara mshenzi, mara muuaji wa injini, mara laiti angempata amfundishe adabu. Mimi kule kwangu nilikuwa na sare kumi na tisa za watoto wa shule, zote za Jumatatu, na masikio yamejaa tindo.

Alhamisi hiyo jioni ndipo alipotupa spana. Iligonga ukuta wa mbao upande wangu, nikashtuka na mkasi mkononi, nikakata kola ya sare kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Kitambaa cha akiba sina. Nilikwenda bandani nikamtolea uvivu. Nilimwambia kwamba ananiharibia kazi kwa sababu ya chuma chakavu, kwamba hajala mezani tangu Jumanne, kwamba afadhali angekuwa na mwanamke mwingine ningejua wa kumvuta nywele. Aliinama kutafuta spana yake, na nakumbuka niliona ajabu kidogo, maana spana ilikuwa pale wazi mbele ya mguu wake na yeye anapapasa pembeni. Nilidhani anajitia hamnazo. Hasira zikanizidi, nikaondoka.

Ijumaa mchana Nahodha akaja. Si mtu wa kelele. Alikuja kwangu kwanza, akasimama mlangoni ameshika kofia, akaniita shemeji, akaniomba nimuelewe. Alisema Jumamosi saa sita mchana injini isipowaka ataipeleka kwa yule fundi wa sokoni mwenye taa ya kupimia. Sikio huwa anamcheka yule fundi, anasema injini haihitaji disko. Lakini wote tulijua maana yake. Wenye boti wengine huangalia Nahodha anakwenda wapi, nao hufuata. Injini ile ikitoka bandani kwa mkokoteni bila kuwaka, Sikio amekwisha, atabaki kusikiliza redio. Na ukuta ule una nyufa. Alisikia kila neno.

Usiku hakugusa chakula, asubuhi hakugusa chai. Jumamosi saa nne niliweka sare pembeni nikaenda kumwambia aachane nayo, liwalo na liwe, kuliko kufia kwenye pipa la maji. Nikamkuta ameitoa injini nje, juani. Akaniambia nishike tochi nimmulikie. Tochi, saa nne asubuhi, jua linawaka hata kuku wamejificha. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Mulika, mama, usinichoshe."

Nikamulika. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Akabana karatasi yake ya sigara, akazungusha flaiwili polepole, karatasi ikachomoka.

"Haya angalia," akasema. "Iko kwenye nukta au haiko?"

Ilikuwa kwenye nukta. Ila mimi maisha yangu yote nimekata kitambaa, nikiona mstari naangalia kama umenyooka. Kile kilichokuwa chini ya rangi nyeupe hakikuwa kimenyooka. Kilikuwa kipana huku, chembamba kule, kimechimba chuma kwa pembe. Ni kovu. Tindo iliteleza ikapanda mpaka juu ya ukingo. Na pembeni yake, umbali wa ukucha mmoja, chini ya kutu, kulikuwa na mstari mwembamba ulionyooka vizuri kabisa, hauna nukta wala chochote. Kwa ukucha huo mmoja cheche ilikuwa inawahi mno kila mara, ndiyo maana injini ilikuwa inampiga mateke tangu Jumanne.

Nikamuuliza na hiki ni nini. Akauliza kipi. Nikaweka kidole pale penye mstari. Akapitisha ukucha wake mara mbili, akasema hapo hakuna kitu, mstari ni ule mwingine, unausikia mwenyewe ukiupapasa. Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye kidole changu na hayakuwa yameshika kitu.

Kabla sijafungua mdomo Nahodha akatokea kwenye kona. Alikuwa amewahi. Sikio akasimama haraka, akaanza kumwelezea habari za yule mshenzi wa tindo, kwamba injini iliharibiwa zamani, kwamba Nahodha amtafute mtu aliyeifungua kabla na amuulize alichokifanya. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema taratibu, "injini hii tangu niinunue haijaguswa na mtu mwingine. Ni wewe tu."

Mimi nikakumbuka. Miaka miwili nyuma, injini hiihii, bandani humo humo, nilimsikia akihangaika na pula, akilalamika kwamba bolti hazitaki kuingia kwenye matundu yake, halafu akatoka kwenda kuazima tindo kwa mwashi wa nyumba ya jirani. Nilisikia nyundo. Nilijua hiyo siyo desturi yake lakini nilikuwa na kazi zangu. Bolti hazikuwa zinakataa. Alikuwa haoni matundu. Na kovu alilolifanya hakulipata kuliona, alijua tu kwamba flaiwili imetoka.

Nahodha akasema anakwenda kutafuta mkokoteni, atarudi saa sita. Nadhani alitaka tu kuondoka pale.

Sikio akakaa juu ya kigoda. Mikono aliiweka magotini. Nilitaka kumfokea, maneno nilikuwa nayo, ya wiki nzima, lakini yalikataa kutoka kwa mpangilio. Kifuani pa gauni langu nilikuwa nimechomeka sindano na kipande cha uzi, kama kawaida. Nikavichomoa nikamwekea kiganjani.

"Tunga," nikamwambia.

Akasema mikono yake ina grisi. Nikachukua kitambaa nikamfuta, kidole kimoja kimoja, na bandeji yake nikaifuta pia. Nikasema tena atunge. Akalamba ncha ya uzi kama zamani. Akaupeleka, ukapita pembeni ya sindano. Akaupeleka tena, ukapita juu. Mara ya tatu sindano yenyewe ilimponyoka, akainama kuitafuta mchangani kwa kupapasa, na hapo ndipo kila kitu kiliponirudia kwa pamoja, asubuhi zote zile za miaka miwili. Nililia. Sikulia kwa huruma, msinielewe vibaya. Nililia kwa hasira. Miaka miwili nimejihesabu kuwa mwanamke aliyechokwa, nimejitazama kwenye kioo nikitafuta kilichoharibika, kumbe mtu amejificha nyuma ya grisi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Fundi asiyeona, nani atampa injini?"

Nikamwambia yeye ni mjinga. Nikamwambia injini si mke, na kwamba angeniambia mimi ningemfichia mbele ya dunia nzima, lakini kunificha mimi na kuiacha dunia inacheka ni hesabu ya mtu asiye na akili. Akakubali kwa kichwa. Mtu huyu hajawahi kunikubalia kitu kwa urahisi namna ile, na hilo nalo liliniumiza.

Saa tano ikawa imepita. Nikafuta machozi, nikaleta kisu changu cha kufumulia mishono, nikakwangua ile nukta ya uongo mpaka ikaisha. Ule mstari wa kweli niliuchokonoa kutu kwa ncha ya sindano, kutoka juu mpaka chini, nikaupaka rangi ya kucha. Yeye akalegeza skrubu na kukaa upande wa karatasi, mimi nikakaa upande wa mshale. Akazungusha. Nikamwambia bado, bado, bado kidogo, hapo. Karatasi ilikuwa imeshachomoka zamani. Akasogeza platini unywele mmoja, tukarudia. Tuligombana pia. Alisema "hapo" yangu inachelewa, nikamwambia mkono wake ndio unakimbia, na kama hataki akamwite fundi wa disko. Mara ya sita, au ya saba, nilisema "hapo" na karatasi ikatoka pamoja na neno. Seti ya pili ya platini tuliipanga kwa mstari uleule, haikutusumbua.

Nahodha alirudi na mkokoteni na mtu wa kuusukuma tukiwa tunakaza injini kwenye pipa. Sikio akazungusha kamba. Niliona bega lake likijikunja kungojea teke, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefumba jicho moja. Mvuto wa kwanza injini ikakohoa tu. Wa pili ikawaka, maji ya pipa yakaruka, moshi ukajaa, na ikanguruma vizuri hata mimi nisiyejua kusikiliza nilisikia. Nahodha alicheka kwa sauti, akampiga Sikio mgongoni, akasema alijua tangu mwanzo kwamba hakuna injini ya kumshinda Fundi Sikio katika mto huu.

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshajiandaa kunyamaza, hilo ndilo nililokuwa nimeahidi. Sikio akazima injini, akafuta mikono.

"Mstari kausoma mke wangu," akasema. "Mimi siuoni. Ni miaka miwili sasa."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima, kofia mkononi, mbele ya rafiki yake na msukuma mkokoteni. Nahodha alinitazama, akatazama sindano iliyochomekwa kifuani pangu, akarudi kumtazama Sikio. Alisaidia kuipakia injini, na alipokuwa anaondoka aligeuka akaniuliza, mimi siyo yeye, kama Jumanne tutakuwa na nafasi ya kuangalia injini yake nyingine ndogo, mbovu tangu zamani. Nilimwambia tutakuwa nayo baada ya saa nne, kabla ya hapo nashona.

Jumapili asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, bado na sare saba na kola moja ya kuunganisha vipande. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameosha mikono, naona hata kucha alizisugua. Akasimama pale alipokuwa akisimama zamani, halafu hakujua afanye nini. Nikatunga uzi mwenyewe, nikaupitisha tunduni, ile ncha iliyotokea upande wa pili nikamwekea vidoleni. Akauvuta polepole mpaka ukatosha.

"Haya, safari njema," akasema.

Na hasira bado ninazo, mtu asidhani zimekwisha. Nilimwambia kwamba kesho yake mapema, nikishampa Nahodha sare za watoto azivushe, tunakwenda kwa daktari wa macho, na akinitajia grisi nitampiga na rula.